Maswali ya Karakana: koleti, vishikio na myumbo wa endimili

Barua za safari hii zimetoka kwa wenye mashine ndogo za milingi, za kukaa juu ya meza au kwenye stendi, na zote zinauliza namna ya kuishika endimili, yaani kikataji chenye meno, ili izunguke katikati na isiteleze. Majina tumeyaacha, miji tumeibakiza. Neno «myumbo» tunalitumia kwa tofauti nzima inayosomwa kwenye geji ya mshale spindeli (mhimili unaozungusha kifaa) ikizungushwa mzunguko mmoja, yaani kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Koleti ni bomba fupi lenye mipasuo linalobana shina la kifaa. Tepa ni umbo la koni, la tundu au la kinachoingia humo; R8, MT3 na ER ni majina ya aina zake, na namba ya ER ni ukubwa.

Mafundi, hamjambo. Nimenunua mashine yenye spindeli ya R8. Muuzaji ananihimiza nichukue kishikio cha ER32 na seti ya koleti 18. Rafiki yangu anasema koleti za R8 zenyewe zinatosha. Nimsikilize nani? (Morogoro)

Wasikilize wote wawili nusunusu, na seti ya 18 usiinunue.

Koleti ya R8 huingia moja kwa moja ndani ya spindeli. Hakuna kitu cha kati, kwa hiyo endimili inakaa karibu na beringi na kosa lina mahali pachache pa kuingilia. Kasoro yake ni kwamba hushika kipimo kimoja tu: ya milimita 10 ni ya shina la 10. Tena kila ukibadilisha kifaa unalegeza boliti ndefu ya juu, unashusha koleti nzima, na kipimo chako cha kimo kimekwenda.

ER, mfumo uliotoka kwa kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na sasa ni kiwango cha ISO 15488, hujibana kwa kiasi kikubwa zaidi. Koleti iliyoandikwa 10-9 hushika chochote kati ya milimita 10 na 9, na ER32 hufika mpaka shina la 20. Unabadilisha endimili kwa kulegeza nati ya mbele tu. Lakini kishikio chake kinaisukuma endimili sentimita kadhaa chini ya spindeli, na mashine ndogo haipendi urefu. Kupinda kwa endimili hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu unaoning'inia: ukitoka milimita 30 kwenda 40, mkato ukiwa uleule, inapinda zaidi ya mara mbili.

Tungenunua hivi: koleti za R8 mbili au tatu za mashina unayotumia kwa kazi nzito, tuseme 10 na 12, kishikio kimoja kizuri cha ER32 chenye nati nzuri, halafu koleti za ER za 4, 6, 8, 10, 12 na 16 za daraja la juu. Mashina ya endimili za kimetriki yamekaa kwenye 3, 4, 6, 8, 10, 12, 16 na 20. Koleti za 7, 11, 13, 15 na wenzake ndani ya ile seti zitakusaidia kwenye keekee tu. Fedha ya koleti 18 za bei ya chini inapata sita zinazoaminika.

Kabla hujalipa, angalia mambo mawili. R8 ni mtoto wa mashine za Bridgeport za Marekani, kwa hiyo seti zake nyingi ni za inchi, na shina la milimita 12 ndani ya koleti ya nusu inchi, ambayo ni 12.7, halishikiki hata ukikaza vipi. La pili ni nyuzi za boliti ya juu. Za asili ni 7/16 ya inchi, nyuzi 20 kwa inchi, lakini siku hizi zinauzwa pia R8 zenye nyuzi za M12. Toa boliti yako uende nayo dukani.

Nimenunua koleti za ER zilizoandikwa myumbo wa milimita 0.005 kwenye boksi. Nikipima kwenye mashine napata 0.04. Nimeibiwa? (Thika)

Pengine, ila bado hujui mwizi ni nani. Spindeli, kishikio, tepa ya ndani ya kishikio, nati, koleti, shina: kila mmoja huleta kosa lake, nawe unasoma jumla. Uliza pia ile 0.005 ilipimwa wapi. Mdomoni mwa koleti ni rahisi kuipata. Kiwango hutaka myumbo upimwe kwa umbali fulani kutoka mdomoni, kwa mfano milimita 25 kwa mashina ya zaidi ya 6 hadi 10 na milimita 40 kwa ya zaidi ya 10 hadi 18. Boksi lisilotaja umbali halijakuambia kitu.

Anza ndani, nenda nje. Zima umeme kabisa, uzungushe spindeli kwa mkono.

Kwanza, futa tepa ya spindeli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha pitisha kidole. Chenga moja ndogo ukutani inatosha kuharibu vipimo vyote vinavyofuata. Weka geji ya kidole, yenye mgawanyo wa 0.002 ukiipata, iguse tepa ya ndani karibu na mdomo. Kidole cha geji kilale karibu sambamba na uso unaopimwa, kwa sababu kikisimama kwa digrii 30 usomaji hukosea kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa mashine ya nyumbani, 0.005 ni nzuri na 0.01 inavumilika. Ukikuta 0.03 hapa, acha koleti zako kwa amani. Tatizo ni beringi au spindeli yenyewe.

Pili, funga kishikio bila koleti, upime tepa yake ya ndani. Kikionyesha kosa, kitoe, kizungushe nusu duara, kifunge tena. Ikiwa mahali pa juu pa kosa pamehama pamoja na kishikio, kosa ni lake. Ikiwa pamebaki upande uleule wa spindeli, ni la spindeli au kuna uchafu. Tia alama ya rangi kwenye spindeli mwanzoni, la sivyo utapotea.

Tatu, weka koleti na pini ya chuma kigumu iliyosagwa, au shina la endimili ya kabaidi iliyovunjika. Usipime kwenye keekee: mwili wake una mifereji na mara nyingi wenyewe umepinda. Pima karibu na mdomo, kisha chini kwa umbali tuliotaja. Namba mbili zikilingana, pini imehama pembeni. Ya chini ikizidi sana, pini imekaa mshazari, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni nati. Nati ambayo uso wake wa ndani haujanyooka huisukuma koleti upande mmoja. Azima nati nyingine upime upya kabla hujatupa koleti, maana tumeona seti nzuri zikilaumiwa kwa kosa la nati ya bei ya soda.

Ukishajua kila kosa lilipo, waweza kuyagombanisha. Zungusha koleti ndani ya kishikio robo duara kwa robo duara, pima kila mara, uache pale makosa yanapofutana, kisha tia alama.

Na kwa nini ujisumbue? Chukua endimili ya milimita 3 yenye meno mawili, kila jino likipangiwa kukata 0.02. Myumbo wa 0.02 ukiangukia kwenye mstari wa meno, jino moja linakula 0.04 na lingine halikati kabisa, linasugua tu. La kwanza linavunjika, la pili linapata joto na kuwa butu. Mfereji nao unatoka na upana wa 3.02. Kwenye endimili ya 12 inayokata 0.05 kwa jino, myumbo uleule utauona kwenye sura ya kazi, lakini hautakuvunjia kitu.

Endimili yangu ya 12 hushuka yenyewe nikikata chuma. Naanza na kina cha milimita 2, namaliza na 2.6. Nati naikaza kwa nguvu zangu zote. (Tanga)

Meno ya endimili ya kawaida yamejikunja kama skrubu ya kulia, hivyo kila mkato huivuta itoke kwenye koleti. Shina likipata nafasi ya kuteleza, litateleza kuelekea chini, ndani ya kazi.

Tazama namba ya koleti kwanza. Shina la 12 huingia kwenye koleti ya 13-12 na kwenye ya 12-11. Tumia ya pili. Ya 13-12 ikibanwa hadi mwisho wa uwezo wake, vipande vyake havilali tena sawasawa kwenye shina, vinashika kwa mistari. Kwa endimili, siku zote koleti iwe na namba kubwa sawa na shina. Nafasi ya kujibana iachie keekee.

Pili ni mafuta. Futa shina na tundu la koleti kwa spiriti, vikauke. Tepa ya nje ya koleti pia iwe kavu. Tone la mafuta liende kwenye nyuzi za nati na kwenye mwinamo wake wa ndani, ili nguvu ya mkono iishie kubana badala ya kusuguana.

Tatu ni hizo «nguvu zangu zote». Nati ya kawaida ya ER32 hupendekezewa mpaka Nm 136 (Nm ni newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya ER25 Nm 104. Kwa spana ya sentimita 20, Nm 136 ni sawa na kuning'iniza karibu kilo 70 mwishoni mwake. Hakuna anayefanya hivyo kwa spana fupi inayokuja kwenye boksi. Kwa mkato wa kiasi, 70 hadi 80 mara nyingi hutosha, lakini pima kwa spana ya toki, inayoonyesha nguvu ya kukaza, angalau mara moja ili mkono ujue. Mashina membamba hukazwa kwa nguvu ndogo zaidi. Kazia kishikio kikiwa kwenye jiliwa, si kwenye spindeli, maana kizuizi cha spindeli cha mashine ndogo hakikuundwa kwa mzigo huo. Koleti tupu usiikaze kamwe. Hujibana kupita kiasi na hairudi.

Shina liingie angalau theluthi mbili ya urefu wa koleti. Likiingia kidogo, mdomo unabana na nyuma panabaki wazi, na koleti yenyewe hupanuka mdomo kabisa.

Ukifanya yote hayo na bado inashuka, tafuta kishikio cha skrubu ya pembeni na endimili zenye bapa shinani. Hicho hakitelezi. Kasoro yake ni kwamba skrubu huisukuma endimili upande mmoja: tundu likizidi shina kwa 0.02, umepata myumbo wa 0.02. Kwa kupasua chuma kwa nguvu si neno. Kwa kumalizia, rudi kwenye koleti.

Naweza kufunga endimili kwenye chaki ya keekee (kile kichwa cha kubania keekee)? (Kisumu)

Hapana. Meno matatu magumu yanashika shina gumu kwa mistari mitatu tu, na tepa fupi inayoiunganisha chaki na mti wake imetengenezwa kwa msukumo wa kwenda chini. Ikipata nguvu ya pembeni pamoja na mtikisiko huachia, na chaki huanguka ikiwa bado inazunguka.

Spindeli yangu ni MT3. Kishikio kinakwama hadi nakipiga nyundo nzito. Je, beringi zitaharibika? (Zanzibar)

Zinaweza. Tepa ya Morse imelala sana, kama 1 kwa 20, kwa hiyo hujishikilia yenyewe. R8 na zile zenye mwinamo mkali zaidi wa 7:24 huachia kwa kugongwa kidogo. Legeza boliti ya juu mzunguko mmoja au mmoja na nusu, usiitoe, kisha gonga kichwa chake pigo moja kavu kwa nyundo ya shaba. Nyuzi zikiwa bado zimeshikana za kutosha hazitapondeka. Usikaze boliti hiyo kwa hasira. Tepa ikiwa safi inahitaji mkazo wa wastani tu. Na usiache kishikio ndani usiku kucha: ukikifunga kikiwa baridi kwenye spindeli yenye joto la kazi, spindeli ikipoa hukikumbatia zaidi.

Kwa mashine ya namna hii, ER kwenye kishikio cha MT3 ndiyo afadhali, kwa kuwa ukibadilisha kifaa katikati ya kazi kishikio hakitoki, unabadilisha koleti tu. Hakikisha nyuzi za nyuma: MT3 ya kimetriki ni M12, lakini nyingine huuzwa na 3/8 ya inchi.

Nina rauta ya kompyuta yenye mota ya ER11. Vikataji vya milimita 1 vinavunjika kabla ya kumaliza kazi. (Muscat)

Vikataji vidogo vya aina hiyo kwa kawaida vina shina la inchi 1/8, yaani 3.175, na wengine huvishika kwa koleti kubwa kuliko shina, iliyobanwa. Nunua koleti ya 3.175 yenyewe, ya daraja bora unaloweza kulipia; moja tu, utaitumia kila siku. Kwa kikataji cha 1, myumbo wa 0.01 tayari ni mzigo mkubwa.

Kisha angalia unavyoifunga. Koleti huingizwa kwenye nati kwanza, kwa kuilaza mshazari mpaka pete ya ndani ya nati iingie kwenye mfereji wa koleti na usikie «tik». Hapo ndipo vyote viwili huenda kwenye mota, na kikataji mwisho. Anayeiweka koleti kwenye mota kwanza na kufuatisha nati juu yake huipata imekaa upande, na siku ya kufungua nati inatoka, koleti inabaki ndani. Mota yenyewe ikionyesha zaidi ya 0.01 kwenye tepa yake, koleti ya 3.175 haitakuokoa. Punguza kina cha mkato na mwendo wa meza mpaka utakapobadilisha beringi.