Je, Nyota wa Sekondari Atafaa Chuoni?

Swali: Mpwa wangu hufunga pointi nyingi katika timu ya mpira wa kikapu ya sekondari yake huko Marekani, na jamaa wote wameshaanza kumwona chuoni. Je, pointi hizo zinatosha?

Jibu: Hazitoshi, ndugu msomaji, kwa sababu pointi za sekondari mara nyingi hutokana na kimo zaidi ya ufundi, na chuoni atakabiliwa na walinzi wenye kimo na nguvu kama zake. Mstari wa pointi tatu, ambao sekondari uko mita 6.02 kutoka kikapuni, kwa wanaume wa vyuo husogea hadi mita 6.75, na mchezo hurefuka kutoka dakika 32 hadi 40. Mtazame asipokuwa na mpira: humtafuta kwa macho mpinzani anayepaswa kumlinda, au husimama mikono kiunoni akingoja pasi? Mimi huanzia miguuni, kwani mlinzi anayepishanisha miguu anaporudi nyuma hupitwa kirahisi. Umbo pekee hudanganya. Stephen Curry, nyota wa NBA (ligi ya kulipwa ya Marekani) aliyepuuzwa na vyuo vikubwa kwa wembamba wake, alikifikisha chuo kidogo cha Davidson robo fainali ya kitaifa ya vyuo mwaka 2008. Alama za darasani nazo (wengi hukwama hapo) zichunguzwe mapema.