Kihisi mwendo kwenye skuta za kukodi: ukali peke yake hautamkamata mwizi

Mkuu, umeuliza kihisi mwendo kiwekwe ukali gani ili skuta zenu za kukodi, zile za umeme za kusimama juu ya ubao, zisipige kelele kila lori likipita, lakini mwizi akija zishtuke. Waliokujibu kabla yangu wamekupa namba, kila mmoja na yake, na siwapingi, kwa sababu kila mmoja kapima barabara yake. Mimi ni fundi wa skuta za aina hiyo, hasa kile kiboksi chenye laini ya simu, GPS na kihisi, na jibu langu ni kwamba namba moja inayotenganisha mwizi na lori haipo. Ukipunguza ukali, mwizi mwenye mkono mwepesi anainua skuta taratibu na kuondoka nayo. Ukiuongeza, skuta inalia mchana kutwa hadi watu wanaacha kugeuka kuitazama. Cha kufuatilia ni mpangilio wa matukio: kilianza nini, kikafuata nini, na baada ya hapo palitulia au hapakutulia.

Kihisi hakijui wizi. Kinapima mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika, katika pande tatu, basi. Chukua mfano wa LIS3DH ya STMicroelectronics, chipu iliyozoeleka sana kwenye kazi hizi. Ikiwa kwenye kipimo cha g 2 (g ni nguvu ya uvutano wa dunia), kizingiti chake, yaani kiwango cha mtikisiko cha kuishtua, kinapanda kwa hatua za mg 16, yaani sehemu 16 kati ya 1,000 za nguvu ya uvutano. Unaweza pia kuiagiza isiamshe bodi, ile saketi kuu inayoendesha skuta, mpaka mtikisiko udumu kwa muda fulani. Hizo ndizo namba mnazobishania hapa. Zina kazi yake, lakini ni za kuamsha bodi tu, hazitoshi kutoa hukumu. Mtetemo wa barabara mbovu na mkono wa mtu anayejaribu usukani vinaweza kufika kiwango kilekile.

Sasa angalia mwinamo, maana hapo ndipo penye utajiri. Skuta iliyotulia kihisi chake hakisomi sifuri, kinasoma g 1 ya uvutano, na kwa skuta iliyosimama wima karibu yote iko kwenye mhimili wa juu-chini. Ikiinama nyuzi 60, mhimili huo unasoma nusu g, na mihimili mingine inasoma karibu g 0.87 kwa hesabu ya pembe. Lori lipite litakavyo, haliinamishi skuta. Mtu anayeiba lazima aiinamishe, aiinue au aisukume. Kwa hiyo mteja akimaliza safari, subirini sekunde chache aondoe mikono yake, kisha bodi ihifadhi mwelekeo wa wakati ule kuwa ndio kawaida. Msiiambie kuwa kawaida ni wima kamili. Skuta iliyoegemea stendi imelala kidogo upande mmoja, na ardhi yenyewe mara nyingi si tambarare.

Mwizi mzoefu anajua kwamba skuta iliyofungwa inabana gurudumu la mota, kwa sababu bodi inaunganisha nyaya za mota pamoja na mota inageuka kuwa breki. Hahangaiki nalo. Anainua upande ule wenye mota, anasukuma kwa gurudumu la upande wa pili, anaondoka akitembea kama mtu na mali yake. Kwenye rekodi ya kihisi jambo hili linasomeka vizuri mno. Kwanza mwinamo wa mbele-nyuma unabadilika: ukiinua gurudumu sentimita 30 hivi kutoka chini, kwa urefu wa skuta za kawaida unapata nyuzi kama 20. Kisha mwinamo huo unabaki palepale, haurudi. Na juu yake vinaanza vipigo vidogo vya mdundo mmoja, karibu viwili kwa sekunde, ambazo ni hatua za mtu anayetembea. Mwinamo uliodumu pamoja na mdundo wa hatua, huku gurudumu la mota halizunguki: nikiona hivyo siulizi tena.

Linganisha na skuta iliyoangushwa na upepo au na mpita njia. Pigo moja kubwa, mwelekeo unaruka kwa nyuzi 70 au zaidi, halafu kimya. Kimya hicho ndicho kinachoiokoa na tuhuma. Hiyo si kazi ya king'ora, ni kazi ya mhudumu kwenda kuisimamisha kabla mtu hajajikwaa, hasa asiyeona vizuri au anayetembelea kiti cha magurudumu. Ipelekeni kwenye orodha ya kuokotwa, msiichanganye na taarifa za wizi. Skuta iliyopakiwa kwenye gari nayo huanza kama iliyoanguka, kwa sababu inalazwa. Tofauti inakuja baadaye: badala ya kimya unapata mtetemo mwembamba wa injini usiokatika, kisha misukumo mirefu ya gari kuondoka na kufunga breki. Ndiyo maana nasema bodi isikate shauri kwenye sekunde ya kwanza. Iendelee kusikiliza.

Gurudumu ni shahidi wa pili, na mnalo tayari bila kununua chochote. Ndani ya mota kuna vihisi vitatu vya sumaku vinavyoieleza bodi gurudumu limefika wapi. Gurudumu la inchi 10 likizunguka mara moja skuta imesogea kama sentimita 80. Mwenye duka akiisogeza mlangoni mwake atazungusha mara moja mbili na kuiacha. Huyo msimpigie king'ora, ana haki ya kupita. Mizunguko ikiendelea, ni habari nyingine. Kuna jambo moja ambalo kipima mchapuko hakilioni: skuta ikigeuzwa palepale kwenye sakafu bila kuinamishwa, uvutano haubadiliki. Hapo panahitaji jairoskopu, kihisi cha kupima mgeuko, ingawa wizi wa kugeuza tu bila kuinua wala kusukuma haupo, kwa hiyo sijawahi kuona kama ni upungufu wa kukunyima usingizi.

Suala la GPS watu wengi wanalipanga kinyume. Wanaiwasha mwishoni, wizi ukishathibitika. Lakini GPS iliyolala muda mrefu inahitaji kupokea upya taarifa za mizunguko ya setilaiti, na kila setilaiti hurusha taarifa zake kwa mpango wa sekunde 30. Ukiiwasha mwizi akiwa amekwisha ingia kwenye gari lililozibwa kwa chuma, hupati kitu. Iwasheni kwenye dalili ya kwanza ya mwinamo, hata kama mtaizima baada ya nusu dakika kwa kuwa ilikuwa upepo. Kihisi chenyewe kinakula umeme wa mikroampea chache, kinaweza kukesha usiku kucha bila betri kuona. Walaji ni GPS na modemu, ile sehemu ya laini ya simu, hivyo hao ndio wa kulazwa na kuamshwa kwa mpangilio. Na ile nukta ya mwisho iliyopatikana nje, pamoja na upande ilikoelekea, itawafaa kuliko kusubiri nukta mpya kutoka ndani ya jengo.

King'ora nakipenda kikiwa kifupi na cha mapema. Mtu akiitikisa, mlio mmoja mfupi na taa ziwake, ajue ameonwa. Wengi huishia hapo, maana wengi ni wadadisi na si wezi. Akiendelea, sauti kubwa kwa sekunde chache. Mwinamo na hatua vikithibitika, nyamazeni na muanze kufuatilia kimyakimya, kwa sababu king'ora kinacholia mfululizo kinamwonyesha mwizi spika iko wapi, naye ataiziba au kuing'oa, na kiboksi kizima kitafuata. Halafu kuna majirani. Mwaka 2018 kule Oakland, Marekani, skuta za Lime zilikuwa zikitoa sauti ya kumtishia polisi mtu aliyezigusa bila kuzifungua, na wakazi wakalalamika. Skuta inayotisha watu wasio na hatia inajenga chuki mtaani, na mtaa unaozichukia hautawapigia simu ukiona zinabebwa.

Kiboksi kifungwe kwa skrubu kwenye chuma cha skuta. Gundi ya povu inameza mtikisiko, na kiboksi kinachocheza ndani ya nafasi yake kinatengeneza mtikisiko wake chenyewe, kisha mnalaumu kihisi. Hakikisheni pia kina betri yake ndogo ya akiba. Jambo la kwanza mwizi anayejua kazi atafanya ni kukata umeme mkubwa, na umeme kukatika ghafla wakati skuta imefungwa na hakuna mhudumu aliyejitambulisha kwenye programu ni dalili nzito kuliko mtikisiko wowote. Ipeni uzito huo.

Na ninyi upande wa pili wa taarifa mna watu? Nauliza kwa dhati, maana nimeona mfumo mzuri ukituma taarifa kwenye simu ambayo usiku inazimwa. Taarifa ya kiwango cha juu imfikie mtu aliye macho, mwenye ramani mbele yake na namba ya polisi. Msimtume mhudumu peke yake kwenda kumkabili mtu gizani kwa ajili ya skuta. Afike karibu, athibitishe mahali, awaachie polisi.

Kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, zimeni king'ora kwenye skuta chache na mrekodi kihisi, gurudumu na volti ya betri zikiwa mahali pale pale zinapoegeshwa siku zote. Halafu wenyewe muibe skuta yenu: isukumeni, iinueni upande mmoja na kutembea nayo, ibebeni wawili mzobemzobe, ilazeni kwenye gari na kuzunguka nayo, iangusheni. Kila kitendo kiandikiwe saa yake. Mkishapata, weka rekodi hizo hapa pamoja na modeli ya kihisi, mara ngapi kinasoma kwa sekunde, na kama kiboksi kimefungwa kwenye nguzo ya usukani au chini ya ubao wa miguu, maana kwenye nguzo kila usukani ukiguswa kinasoma. Nitazipitia na kukwambia mwinamo wa kuanzia na muda wa kusubiri unaofaa skuta zenu.