Anasimulia vizuri, kusoma hawezi: je, ni uvivu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Ukimsimulia hadithi leo, kesho atakurudishia yote bila kuruka kitu. Mpe kitabu sasa, anatoka jasho. "Kalamu" anaisoma "kamula", na akifika mstari wa pili ameshasahau wa kwanza. Mwalimu wake anasema ni mvivu, arudie darasa. Baba yake ameanza kumchapa. Nifanyeje?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza kabisa mwambie baba yake aweke fimbo chini, leo hii. Mtoto anayetoka jasho mbele ya kitabu si mvivu; anajitahidi kuliko wenzake wote na haoni faida yake. Ukimwongezea hofu, hata herufi anazozijua zitampotea.

Apimwe macho na masikio. Yakiwa mazima, unayoyaeleza yanafanana sana na disleksia, shida ya kusoma ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo mara nyingi huwa kwenye ukoo. Haihusiani na kukosa akili. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwepesi wa hesabu lakini akishindwa kusoma maneno mafupi. Jina lake mwenyewe, Percy, aliliandika "Precy". Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angewashinda wenzake wote shuleni. Nilipofika kwenye "kamula" katika barua yako, nilimkumbuka kijana huyo.

Wengi hudhani shida iko machoni. Kwa kawaida iko kwenye sauti: mtoto anapata tabu kulikata neno vipande na kukiunganisha kila kipande na herufi zake. Mjaribu bila kitabu. Aseme "kikombe", kisha aseme bila "ki". Aseme "kalamu", kisha atoe "ka" aweke "sa", uone kama ataipata "salamu". Akikwama, basi anzeni hapohapo, kwa mdomo na makofi, kofi moja kwa kila silabi.

Herufi zifuate baadaye. Aandike silabi kwa kidole kwenye mchanga huku akiitamka, ba, be, bi, mpaka zimkae. Msiharakie "mba", "ng'o" na "nywa". Hizo ndizo zinazowatesa zaidi. Dakika 15 kila siku, kabla hajachoka, zinamfaa kuliko saa nzima ya kugombana siku ya Jumapili. Na wewe endelea kumsomea vitabu vinavyolingana na akili yake, asije akakosa maarifa kwa sababu tu hajayafikia kwa kusoma.

Mwambie pia kwamba shida yake ina jina. Asipoambiwa, atajiita mjinga, na watoto hushika jina hilo upesi mno.

Kuhusu kurudia darasa, sikubali. Akifundishwa vilevile atapata yaleyale, na aibu juu yake. Nenda kwa mwalimu kwa upole, umwombe amuulize maswali ya sayansi kwa mdomo, halafu alinganishe majibu na yale aliyoandika kwenye daftari. Nadhani atashtuka. Mwombe pia asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake bila kumwandaa.

Jambo moja ambalo wazazi hawaambiwi: maandishi ya Kiswahili hufuata sauti, kwa hiyo huenda mwanao baada ya muda akayapatia maneno yote, ila akasoma polepole sana. Hapo watu watasema amepona. Bado. Kule kusoma polepole ndiko kutakakomwangusha kwenye mitihani, karatasi ikikusanywa kabla hajamaliza. Nchi nyingi huwapa watoto kama yeye muda wa ziada, lakini kwa kawaida hutaka ripoti ya mtaalamu, na ripoti hiyo huchukua muda kupatikana. Anza kuiulizia mwaka huu, usingoje darasa la mtihani.