Maswali na majibu: Maelezo ya kuinstoli yajaribiwe na mtu mwingine, sio wewe uliyeyaandika

Wiki hii maswali mengi ni ya programu huria (zile ambazo kodi yake iko wazi kwa wote), na nimefurahi kuona vijana wa Mtwara na Lindi sasa wanatengeneza za kwao. Ila programu nzuri isiyoinstolika haimsaidii mtu, na nitalirudia hili mpaka lieleweke.

Kaka habari. Nimetengeneza programu ya Python ya kurekodi kilo za korosho kwenye AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima), nimeiweka bure GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi. Kwenye README (faili la maelezo) nimeandika "instoli requirements halafu run main.py". Kila anayejaribu ananipigia simu. Nakosea wapi? (Masasi)

Mdogo wangu, umeandika ukiwa mbele ya laptopu yako ambayo ina kila kitu. Python uliweka zamani, git uliweka ukasahau, kwa hiyo kwako hatua ni mbili na kwa karani ni kumi.

Mwezi uliopita nilikaa na karani mmoja pale Chikongola, nikampa maelezo niliyoandika mimi mwenyewe, nikanyamaza nikawa naangalia tu. Mbele ya kila komandi nilikuwa nimeweka alama ya dola kama wengi tulivyozoea, yeye akakopi na dola yake, terminali (dirisha la kuandikia komandi) ikamjibu "$: command not found". Akarudia mara tatu, mara ya tatu taratibu kabisa, herufi kwa herufi. Tulipovuka hapo akafanya git clone (kunakili programu kutoka GitHub), halafu pip, inayoinstoli laibrari ambazo programu inazihitaji, ikagoma, maana katikati sikuandika kwamba aingie kwanza kwenye folda kwa cd. Yule karani hakukosea popote, alifuata nilichoandika neno kwa neno, na bando lilikuwa la kwake.

Sasa wewe anza juu kabisa: inahitaji Windows ipi au Ubuntu (Linux) ipi, Python kuanzia vesheni gani, na itakula MB ngapi, kwa sababu mtu wa Nanyamba anatumia hotspoti ya simu na akijua mapema atajipanga. Wa Windows mwambie atiki kile kiboksi cha "Add python.exe to PATH" kabla hajabonyeza kuinstoli, hicho wengi wanakiruka halafu terminali haiijui Python kabisa. Wa Ubuntu muandikie python3, sio python. Komandi moja kila mstari, bila dola. Na mwishoni weka mstari wenyewe utakaotokea kwenye skrini ikikubali, ili mtu ajue amefika.

Halafu jaribu kwenye mashine tupu. Kama una Docker, inayokupa mfumo mtupu ndani ya mashine yako, andika `docker run -it --rm ubuntu:24.04 bash`, humo ndani hakuna Python, hakuna git, hata sudo (ya kurun komandi kwa mamlaka ya msimamizi) hakuna, kwa hiyo kila kinachogoma kiangalie vizuri, kuna uwezekano mkubwa ni kitu ulichosahau kukiandika. Kwa Windows azima laptopu ya mtu ambaye hajawahi kugusa Python. Fanya hayo kabla msimu haujaanza, sio Oktoba foleni ya magunia iko nje na karani anahangaika na terminali.

Nimeinstoli imeleta erori, nifanyeje? (Lindi mjini)

Erori ipi? Kopi maandishi yote kuanzia komandi uliyoandika mpaka mstari wa mwisho, utume hivyo, tafadhali sio picha ya skrini iliyokatwa nusu. Hili swali napokea kila wiki na bila maandishi hayo hakuna fundi atakayekusaidia.

Naandika "sudo pip install" kama maelezo yanavyosema, inaniambia externally-managed-environment. Jamaa kaniambia niongeze --break-system-packages. Niongeze? (Nachingwea)

Usiongeze. Jina lenyewe linakuambia unaenda kuvunja. Kuanzia Linux ya Debian 12 iliyotoka Juni 2023, na Ubuntu kuanzia 23.04, pip imezuiwa kugusa Python ya mfumo kwa sababu mfumo wenyewe unaitumia kwa kazi zake, ukivuruga laibrari zake unaweza kukuta programu nyingine zimekufa na hujui kwa nini. Tengeneza venv, yaani chumba cha pembeni cha laibrari za programu yako: instoli python3-venv kwa apt, kisha `python3 -m venv env`, kisha `source env/bin/activate`, halafu pip bila sudo. Na nyie ambao README zenu bado zinasema sudo pip, badilisheni leo, watu wanawaamini.

Ile komandi ya curl inayoishia na "| sudo bash" ni salama? (Newala)

Mimi siitumii. Inadaunlodi skripti na kuirun papo hapo kwa mamlaka ya msimamizi. Unampa mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba nzima. Tena kwa mtandao wetu huu unaokatika katikati, skripti inaweza kufika nusu na bash ikawa imeshairun hiyo nusu. Daunlodi faili, lifungue usome, ndio urun. Wakikuwekea namba ya sha256 (alama ya kuhakikisha faili halijabadilishwa) ilinganishe na ya faili lako, lakini ujue kama namba na faili viko tovuti moja, aliyeidukua tovuti anabadilisha vyote viwili.

Maelezo niandike Kiswahili au Kiingereza? (Kilwa)

Kiswahili, kama watumiaji wako ni Waswahili. Mradi wa Kilinux ulishatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, kwa hiyo hoja ya kwamba lugha haiwezi naomba tuiache. Ila komandi, majina ya vitufe na maneno ya erori yaache kama yanavyoonekana kwenye skrini, ukitafsiri erori mtu akiitafuta mtandaoni hataipata.

Si bora nirekodi video tu? (Ruangwa)

Hapana. Video inamaliza bando, na komandi huwezi kuikopi kutoka kwenye video. Andika.

Ofisini kwetu mtandao ni shida. Nawezaje kuwapa watu programu kwa flashi? (Mtwara)

Dada, swali zuri sana, natamani kila README iwe na sehemu hii. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika intaneti ilizorota nchi nzima, na siku hiyo aliyekuwa na kila kitu kwenye flashi aliendelea na kazi. Kwenye mashine yenye mtandao andika `pip download -d mizigo -r requirements.txt`, kopi folda ya mizigo pamoja na programu yako kwenye flashi, na usisahau faili la kuinstolia Python yenyewe. Kule ofisini `pip install --no-index --find-links mizigo -r requirements.txt`. Angalia sana, mashine unayodaunlodia iwe na mfumo uleule na vesheni ileile ya Python kama ya ofisini, la sivyo baadhi ya vifurushi vitakataa. Na ukijaribu kwako kabla ya kugawa, zima data na Wi-Fi kabisa, hapo ndio utaona kama kuna hatua bado inavuta kitu mtandaoni.