Maswali ya Wasomaji: Kiapo juu ya Bahasha

SWALI

Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake cha kanisa letu, wilayani Urambo, mkoani Tabora. Kata yetu inajiandaa kwa uchaguzi mdogo wa diwani. Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya, mgombea mmoja alikuja na wapambe wake, akatukuta wanawake thelathini. Alinikabidhi bahasha akisema ni shukrani kwa maombi yetu, kisha mpambe wake akatoa Biblia, tukaweka mkono juu yake mmoja baada ya mwingine na kuahidi mbele za Mungu kwamba kura zetu ni zake. Tangu siku hiyo nimewasikiliza wagombea wote na ninaona mwingine ndiye anayefaa. Je, kiapo kile kinanifunga?

Jambo la pili, mzee mmoja wa kanisa alitamka madhabahuni kwamba muumini wa kweli hawezi kuunga mkono chama kingine isipokuwa kile anachokipenda yeye. Kijana wangu anaunga mkono chama kingine, na sasa amesimamishwa kuimba. Je, mtazamo wa siasa unaweza kumtoa mtu katika imani?

(Naona niseme pia kwamba bahasha niliifungulia nyumbani, ikawa na shilingi laki sita. Niliwagawia wenzangu elfu kumi kumi. Nusu iliyobaki niliiweka kwenye simu yangu kwa ajili ya kununua kinanda cha kwaya, ingawa wenzangu hawajui kwamba kuna kilichobaki. Elfu themanini nilizitoa kumnunulia mtoto godoro na sare za bweni, nikiwa na nia ya kuzirudisha tumbaku ikiuzwa.)

Mama Mweka Hazina, Urambo

JIBU

Amina, mama. Nianze na kiapo, kwa kuwa ndicho ulichokitanguliza.

Kiapo cha kutenda lisilofaa hakigeuki kuwa chema kwa sababu mkono uliwekwa juu ya Biblia. Katika sura ya 25 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Daudi aliapa kwamba hakutapambazuka mwanamume hata mmoja amebaki hai katika nyumba ya Nabali. Abigaili, mke wa Nabali, akamwahi njiani na mikate, divai na maneno ya busara, na Daudi hakumjibu kwamba ameshaapa na hana la kufanya. Alimshukuru Mungu kwa kumleta mwanamke yule amzuie asimwage damu. Herode naye, katika sura ya 6 ya Marko, aliapa mbele ya wageni wake, akaona haya kurudi nyuma, na kichwa cha Yohana Mbatizaji kikaletwa katika sinia. Kati ya hao wawili, aliyeshika kiapo chake ndiye aliyefanya uovu mkubwa zaidi. Torati yenyewe, katika sura ya 5 ya Walawi, inamtaka mtu aliyeapa kwa haraka ya midomo yake aungame alipotambua kosa. Kwa hiyo una jambo la kutubia, nalo ni kule kuapa kwa jina la Mungu katika biashara ya kura. Lakini mgombea yule hana anachokudai.

Sheria nayo iko upande huo. Kura ni ya siri, na ukishaingia kwenye kituturi hakuna mpambe wala mzee wa kanisa anayeruhusiwa kukuchungulia. Wapo watakaokuambia kwamba ile ilikuwa takrima tu, desturi ya ukarimu. Ni kweli kwamba mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kumruhusu mgombea kutoa kitu kwa jina la takrima, lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, ikiona, pamoja na mambo mengine, kwamba vilimbagua mgombea asiye na uwezo. Baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, iliyozidi kuubana mlango huo. Na tukiongea kwa mila, huku kwetu mgeni hupikiwa ugali na kuku. Mgeni anayekuja kuwalipa wenyeji wake ameshaigeuza mila miguu juu kichwa chini.

Kuhusu mzee wa kanisa na kijana wako, jibu langu ni kwamba mzee amevuka mpaka. Ibara ya 20 ya Katiba yetu inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote, na ibara hiyohiyo haikubali kuandikishwa kwa chama cha siasa kinachokusudia kukuza maslahi ya dini fulani. Maana yake ni kwamba hakuna chama katika nchi hii kinachoweza kujiita cha waumini, hata kama viongozi wake wote wanakaa mstari wa mbele kila Jumapili. Ninyi wenyeji wa Tabora mna sababu ya ziada ya kulielewa hili. Mwanzoni mwa mwaka 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu katika mji wenu, na hoja iliyowagawa wajumbe ilikuwa kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kusoma na kufundisha mjini humo, alishawishi kwamba tushiriki. Zuberi Mtemvu akaona huko ni kusalimu amri, akatoka na kuanzisha chama chake. Wote wawili walitaka uhuru. Walipishana katika kupima njia, na mapishano ya namna hiyo hayapimwi kwa ubatizo wa mtu. Muumini anaweza kutaka bei ya tumbaku isimamiwe zaidi na serikali, mwenzake wa kiti kimoja akataka wanunuzi waachwe washindane, na wote wakaenda meza ya Bwana kwa amani. Namshauri kijana wako aende kwa mchungaji, si kwa mzee, na aulize kwa adabu ni kifungu gani cha katiba ya kanisa alichokivunja. Nadhani hakitapatikana.

Hilo halina maana kwamba siasa iko nje ya imani. Watoza ushuru na askari walipomwendea Yohana Mbatizaji na kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi zao. Aliwaambia, katika sura ya 3 ya Luka, wasitoze zaidi ya walivyoagizwa, wasimdhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Hakuwauliza wanamuunga mkono nani. Aliwauliza habari za mikono yao.

Na hapo, mama, ndipo ninapofika kwenye yale uliyoyaweka ndani ya mabano. Umeniuliza kuhusu mgombea na kuhusu mzee wa kanisa, watu wawili ambao makosa yao yanaonekana kwa urahisi, lakini barua yako nimeisoma mara kadhaa na kila mara nimesimama kwenye simu yako. Mgombea alinunua kura, naye atajibu kwa hilo. Kuwaficha wenzako laki tatu hakukufanywa na mgombea. Hukulazimishwa na mpambe, wala hukuwekewa Biblia mbele yako ulipofungua bahasha nyumbani. Unasema nia ilikuwa kinanda. Naamini ilikuwa hivyo. Ila kikundi ambacho hakijui kwamba kina fedha hakiwezi kuamua kununua kinanda, na godoro limekwisha kuonyesha jinsi nia ya mtu mmoja inavyosogea pale ambapo hakuna jicho la pili.

Wengi wetu tumezoea kuhesabu uwajibikaji kuanzia juu: waziri awajibike, mbunge awajibike, diwani awajibike. Ni sawa, nami huandika hivyo. Lakini wazee waliokua wakikariri ahadi za mwana-TANU wanakumbuka kwamba ahadi ile ya rushwa ilisema sitapokea wala kutoa, na nyingine ikasema cheo ni dhamana, bila kutaja ukubwa wa cheo. Uweka hazina wa wanawake thelathini ni cheo. Mtume Paulo alipokuwa akikusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alituma watu zaidi ya mmoja kuusindikiza, na katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho akaeleza sababu: hakutaka mtu awe na la kumlaumu katika fedha zile, na aliangalia mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Hayo ya wanadamu ndiyo tunayoyaruka. Tunasema Mungu anaijua nia yangu, na daftari tunalifunga.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa kwa mtu wake, ili lisifunguliwe bila watatu kuwapo. Ikiwa kikundi chenu kina sanduku la namna hiyo, fedha hizi hazikupitia humo. Zilipitia namba yako ya siri peke yako. Iteni kikao. Usimtume mwenyekiti akusemee. Taja kiasi chote kama kilivyokuwa, laki sita, kisha taja kilichogawiwa, kilichobaki kwenye simu, na zile elfu themanini, na uonyeshe taarifa ya miamala ili maneno yako yawe na shahidi. Zile elfu themanini ni deni lako, nawe upange mbele yao namna ya kulilipa. Usingoje soko la tumbaku liwe kisingizio. Huenda wakakuvua uweka hazina, nao watakuwa na haki.

Baada ya hapo suala la fedha zenyewe litakuwa la wote, kwa sababu wote mlipokea. Msinunue kinanda. Msimrudishie mgombea kimyakimya usiku, maana mtaonekana mmefanya naye biashara nyingine. Nendeni kwa pamoja ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, au pigeni 113, ambayo haina malipo, na mwombe kwanza ushauri wa wakili au wa kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu. Sitakudanganya kwamba hamtaulizwa maswali, kwani sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 humgusa anayetoa na anayepokea. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Mwulizeni wakili inawahusu kwa kiasi gani.

Siku ya uchaguzi, mpigie kura yule uliyemwona anafaa.

SWALI

Mimi ni mzee wa kanisa wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Wanakijiji wananitaka nigombee uenyekiti wa kijiji. Je, ni lazima niuache uzee wa kanisa?

Msomaji, Kasulu

JIBU

Sheria ya nchi haikulazimishi. Katiba ya kanisa lako huenda inasema kitu, hivyo isome kabla ya kuchukua fomu. Kwa maoni yangu, tangu siku unapoomba uteuzi wa chama hadi matokeo yanapotangazwa, usihubiri, usitoe matangazo na usishike kapu la sadaka, ili asiwepo muumini atakayejiuliza anamsikiliza mzee au mgombea. Ukishinda, kumbuka kwamba mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa pale mbele ya kila mtu mzima, pamoja na wale usiosali nao na wale waliokunyima kura. Kama unaona utakuwa na udhuru kila robo mwaka, waambie wanakijiji mapema wamtafute mwingine.