Baba mdogo hayumo kwenye "maharimu", lakini kesi anayo

Dada uliyeuliza jana kama baba mdogo aliyemwingilia binti wa miaka 14 anashtakika, maana mzee wenu wa ukoo kasema "sheria ya maharimu (ndugu wasioruhusiwa kuingiliana) haimtaji": anashtakika. Yalitukuta Mbagala, Dar es Salaam, na mshtakiwa alikuwa kaka yangu wa tumbo moja.

Mzee wenu kasema nusu. Kifungu cha 158 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja mjukuu, binti, dada na mama. Mtoto wa kaka hayumo, mtoto wa kambo hayumo. Msikitini ami, yaani baba mdogo, ni maharimu bila ubishi, kwa hiyo tulipoambiwa kwenye sheria hayumo tukaona basi, hakuna kosa. Wiki tatu zikaishia kwenye vikao. Soda zilinunuliwa, utadhani posa.

Ambacho hakuna aliyekitaja ni kifungu cha 130 cha Kanuni hiyohiyo, kilichoingizwa na marekebisho ya 1998. Kumwingilia binti wa chini ya miaka 18 asiye mke wako, hata akisemwa alikubali, ni ubakaji. Undugu hauulizwi. Na yale ya "alimchezea tu" yasiwazubaishe: kuingiza hata kidogo kunatosha, na pasipo kuingiza lipo shambulio la aibu.

Kilichotuumiza kuliko vyote ni neno moja. Askari alimuuliza binti wa kaka yetu mwingine nani kakufanyia, mtoto akajibu "baba". Ndivyo anavyomwita tangu azaliwe, angemwitaje? Ikaandikwa baba. Usiku ule akachukuliwa baba yake mzazi, katoka bafuni na povu kichwani. Maelezo yakaandikwa upya, lakini yale ya kwanza hayakufa: mahakamani wakili wa utetezi alimrudia binti mara nne, "baba yupi?" Mimi nje kwenye benchi nasikia.

Kwa hiyo mtajeni kwa majina yake kamili, cheo cha undugu kifuate nyuma. Bebeni cheti cha kuzaliwa, hakuna basi kadi ya kliniki. Kesi hizi zinasimama kwenye umri. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ombeni PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Asioge, nguo msifue, ushahidi usipotee. Na muwahi hospitali kabla hazijapita saa 72, maana dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Hospitali ya Amana wana kituo cha mkono kwa mkono, polisi na daktari hapohapo.

Watakuambia unavunja ukoo. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka kila mwanajamii atoe taarifa, shangazi akiwemo. Kaka yetu mkubwa hanisalimii mpaka leo, hata msibani.

Ukiogopa kwenda peke yako, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, leo hii. Ni bure.