Lita ya petroli haifiki kilo moja, vipi moshi wake uzidi kilo mbili?

Swali: Mimi ni mwendeshaji bodaboda hapa Nakuru. Nilisikia redioni kwamba lita moja ya petroli hutoa zaidi ya kilo mbili za kaboni dioksidi. Lita yenyewe haifiki hata kilo, sasa hizo kilo mbili zinatoka wapi? Na nikinunua pikipiki ya stima, si nitakuwa nimehamisha tu moshi kutoka barabarani hadi kwenye mtambo wa stima?

Jibu: Uzani unaozidi unatoka hewani. Lita ya petroli ina gramu 740 hivi, na kati ya hizo kama 640 ni kaboni. Ndani ya silinda, kila atomu ya kaboni hushikana na atomu mbili za oksijeni ambazo injini imezivuta kutoka nje. Kaboni ina uzani wa 12, oksijeni hizo mbili 32, jumla 44. Basi chukua 640, zidisha kwa 44, gawanya kwa 12: utapata takriban kilo 2.3. Dizeli, ambayo ni nzito zaidi, hufika kilo 2.7 hivi kwa lita.

Sasa hilo la stima. Tuseme unaenda kilomita 100 kwa siku na pikipiki inakunywa lita 2.5. Hizo ni karibu kilo 6 za kaboni dioksidi. Pikipiki ya stima itataka kama uniti 4 kwa mwendo huohuo. Stima ya Kenya, takriban asilimia 90, inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria (hapo hapo kaunti yako), mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua, kwa hiyo hesabu inashuka chini ya kilo 1. Hata kama stima yote ingetoka kwenye jenereta za dizeli, na nyingine ikapotelea kwenye nyaya njiani, ungebaki na kilo 3 hadi 4. Injini ya petroli hupoteza karibu robo tatu ya nishati yake kama joto, ndiyo maana ekzosi huunguza miguu ya abiria. Mota ya stima hupeleka sehemu kubwa ya nishati kwenye gurudumu.

Ila usichaji saa moja au saa mbili jioni, watu wanapowasha taa na kupika, maana hapo ndipo mitambo ya dizeli huongezwa. Subiri usiku ukue. Tangu 2023 Kenya Power ina bei maalum ya kuchaji vyombo vya stima, na ya usiku ni nafuu zaidi.

Kwa nchi nzima hesabu ni ngumu zaidi. Kenya iliahidi kwamba kufikia 2030 itapunguza gesi chafuzi kwa asilimia 32, ikilinganishwa na tani milioni 143 ambazo ingezalisha mwaka huo bila kuchukua hatua. Katika uchukuzi, hesabu huanzia kwenye lita za mafuta zilizouzwa, si kwenye idadi ya pikipiki za stima zilizozinduliwa. Ukinunua ya stima kisha ukamuuzia kijana wa Molo ile ya petroli aendelee nayo miaka mingine, petroli inayochomwa nchini haijapungua. Naomba sana wanaopanga sera walitazame hili: pikipiki kuukuu zinunuliwe ziondolewe kabisa barabarani, la sivyo tunaongeza vyombo tu.

Tena wewe si mzigo mkubwa. Lori lililojaa shehena, linalopita Nakuru kutoka Mombasa kwenda Malaba, huchoma lita 35 hadi 40 za dizeli kwa kilomita 100. Hizo ni kama kilo 100 za kaboni dioksidi, sawa na bodaboda 17 kwa mwendo huo. Shehena hiyo ikipanda treni hadi Naivasha, mafuta kwa kila tani hupungua sana, ingawa treni yetu ya SGR bado inavutwa na dizeli. Tanzania ilianza kubeba abiria kwa SGR ya umeme mwaka 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Sisi wenye mvuke wa Olkaria, si mbali na stesheni ya Naivasha, tuna kila sababu ya kudai njia yetu nayo iwekewe nyaya.